Shahidi Asiye na Jina
Gari linapofunga breki ghafla, linaweza kuyaarifu magari ya nyuma kwa redio. Katika mfumo uliobuniwa Marekani, ujumbe wa mahali na kasi hutumwa takriban mara 10 kwa sekunde, kwenye masafa ya gigahezi 5.9. Habari ikitakiwa kufika mbali zaidi, magari yanaweza kupokezana ujumbe.

Hapo ndipo linapozuka swali la kale: msikilizaji amwamini nani?

Wanazuoni wa Hadithi za Mtume Muhammad, akiwemo Imam Bukhari aliyefariki mwaka 870, walichunguza wapokezi mmoja mmoja: kumbukumbu yake, uadilifu wake, na kama kweli alikutana na aliyemtangulia. Mpokezi asiyejulikana alidhoofisha mapokezi yote.

Magari yameshika njia nyingine. Ujumbe hubeba saini ya kidijitali, lakini cheti kinachoidhinisha saini hiyo hakitaji jina la dereva, tena hubadilishwa mara kwa mara ili nyendo za gari zisifuatiliwe. Saini huthibitisha kwamba ujumbe haukuchezewa njiani. Haithibitishi ukweli wake. Gari lenye cheti halali laweza kudai kuwa lina njia bora ya kupitisha ujumbe, kisha likaumeza kila ujumbe linaokabidhiwa.

Kwa hiyo watafiti wamerudi kwenye uadilifu: hulinganisha habari za magari kadhaa na kupima mwenendo wa kila moja. Likithibitika kudanganya, vyeti vyake hufutwa.