Taarikhi ni Ushahidi

Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake. Amma baad.

Ndugu zetu wasomaji, umetimia mwaka tangu halaka yetu ilipoanza darasa ya taarikhi kwa watu wazima. Darasa hii husomwa Jumamosi usiku baada ya sala ya Isha, na wanaohudhuria si watoto wa chuo. Ni wavuvi, mafundi wa cherehani, makuli wa bandarini na wenye maduka madogo madogo; na upande wa pili wa pazia ni mama zetu na dada zetu. Wengi wao hawakupata kusoma katika udogo wao ila Qur'ani na kuandika majina yao. Watu mjini wakawatania kuwa ni wanafunzi wa ngumbaru. Wao hawakujali, wakaendelea kuja.

Lakini yametufikia maneno mawili kutoka kwa watu tunaowaheshimu, na haifai kuyanyamazia. La kwanza ni hili: mtu mwenye miaka hamsini ataifanyia nini taarikhi? Afadhali afunzwe udhu wake na sala yake. La pili ni zito zaidi: kwamba taarikhi hufukua makaburi, na mtu mwema hayafukui makaburi ya wazee wake.

Ama neno la kwanza, twalijibu hivi. Ni kweli kwamba udhu na sala ndivyo vitangulizwavyo, na darasa zake zipo wala hazikupunguzwa. Lakini asidhani mtu kwamba mtu mzima haitumii taarikhi. Huitumia kila siku. Akija kijana kumposa binti yake, huuliza: huyu ni wa nani, na wazee wake walitoka wapi? Pakizuka ugomvi wa shamba au wa wakfu, husema: babu yetu alilima hapa kabla ya babu yenu. Akipita jirani mbele ya baraza, hunong'onezana na mwenziwe juu ya asili ya jirani huyo. Zote hizo ni hukumu, na kila moja imejengwa juu ya khabari za kale. Mtoto hana hukumu aitoayo, wala kalamu haijaanza kumwandikia. Mtu mzima ni mukallaf. Huoza, hurithisha, hushuhudia na huchagua viongozi. Basi ni yupi kati yao ahitajiye zaidi kuipima khabari kabla ya kuitumia?

Na kuipima khabari si jambo geni kwetu. Katika Suratul Hujuraat tumeamrishwa kuichunguza khabari inapoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta. Wanavyuoni wa hadithi waliijenga elimu yao juu ya asili hiyo: nani amesema, kamsikia nani, je walikutana? Ibn Khaldun naye, katika utangulizi wa taarikhi yake alioutunga mwaka 1377, aliwalaumu wanataarikhi waliopokea idadi za majeshi bila kuuliza kama akili na ardhi zaweza kuzichukua.

Twatoa mfano wa hapa kwetu. Mara nyingi barazani husimuliwa kwamba rubani aliyemvusha Vasco da Gama kutoka Malindi hadi Bara Hindi mwaka 1498 alikuwa Ahmad bin Majid, yule mwanachuoni mkubwa wa elimu ya bahari. Wako wanaojifakhiri naye, na wako wanaomlaani kwa kuwa, kwa madai yao, ndiye aliyewafungulia Wareno mlango. Tulipoifuata khabari hii pamoja na wanafunzi wetu, tulikuta kwamba aliyeieneza ni Qutbuddin Nahrawali wa Makka, ambaye mwaka huo wa 1498 alikuwa hata hajazaliwa. Naye akaongeza kwamba rubani huyo alileweshwa ndipo akaionyesha njia. Waandishi wa Kireno, ambao rubani huyo alikuwa katika majahazi yao, walimtaja kuwa ni Mwislamu wa Gujarat, na wanataarikhi wengi wa leo wameikataa khabari ya Ibn Majid. Mvuvi mmoja katika darasa alikaa kimya kitambo, kisha akasema: "Sheikh, mimi nimemlaani mtu huyu miaka thelathini." Tukamwambia amwombee maghufira, na mara nyingine aulize kwanza. Hiyo ndiyo faida ya taarikhi kwa mtu wa miaka hamsini: kwamba huenda ana deni kwa maiti, naye hajui.

Sasa twaja kwenye neno la pili, nalo ndilo lililotufanya tushike kalamu.

Miezi ya mwanzo darasa ilijaa mpaka ukumbini. Tulisoma namna Wareno walivyouchoma mji wa Mombasa mwaka 1505, na namna walivyoanza kuijenga Ngome mwaka 1593. Tukasoma mazingiwa ya Ngome hiyo kuanzia mwaka 1696 hata ikaanguka mikononi mwa Waomani mwaka 1698. Watu walitaka zaidi. Kisomo kilikuwa kitamu maadamu mwenye kudhulumu alikuwa mtu mwingine.

Kisha tukafikia karne ya kumi na tisa, nayo hupiti bila kuutaja utumwa. Tukasoma kwamba mtama na ufuta wa Malindi, uliopakiwa majahazini kwenda ng'ambo, ulilimwa na watu waliotolewa kwao kwa nguvu, na wengi walitoka pande za Ziwa Nyasa wakapitishiwa Kilwa. Tukasoma kwamba Sayyid Barghash alitia sahihi mkataba wa kufunga masoko ya watumwa mwaka 1873. Kwamba mji wa Frere Town ulianzishwa na wamisionari mwaka 1875 kwa ajili ya walioachwa huru. Na kwamba katika pwani yetu hii sheria haikuuondoa utumwa mpaka mwaka 1907. Hayo si mambo ya zama za Firauni. Wako wazee mjini ambao babu zao waliyaona kwa macho.

Hapo mzee mmoja, mtu wa sala na sadaka, alisimama akasema: "Sheikh, wazee wetu wamekwisha kufa. Mtume (S.A.W.) ametukataza kuwatukana maiti. Yaacheni." Watu wakaitikia kwa vichwa. Lakini nyuma kabisa, karibu na mlango wa viatu, alikuwako mtu wa makamo ambaye tangu mwaka uanze hakuwahi kuuliza swali. Akasema kwa sauti ya chini: "Na wangu pia wamekufa, mzee wangu. Lakini wao hawajaachwa. Mwaka juzi mwanangu alikwenda kuposa, akarudishwa kwa ajili ya bibi yake mkuu." Hakusema zaidi. Usiku ule darasa ilifungwa mapema.

Ndugu zetu, maneno ya mtu yule ndiyo mas'ala yenyewe. Yaitwayo kusitiri, je, yanawasitiri wote? Twaona kwamba kimya chetu kinamsitiri aliyemiliki, wala hakimsitiri aliyemilikiwa. Dhulma ya babu wa huyu imesahauliwa, na unyonge wa bibi wa yule unakumbukwa kila ipelekwapo posa. Hiyo si sitara. Huo ni ushahidi wa upande mmoja.

Na tumeamrishwa nini juu ya ushahidi? Katika Suratun Nisaa, aya ya 135, Mwenyezi Mungu ametutaka tuwe wenye kusimamisha uadilifu, tushuhudie kwa ajili Yake, ijapokuwa ushahidi huo unatuelemea sisi wenyewe, au wazazi wetu, au jamaa zetu. Wazazi wametajwa kwa jina lao. Alijua Mola wetu kwamba hapo ndipo ulimi utakaposita.

Tena tuitazame Suratu Yusuf, ambayo mama zetu huisoma kwa mapenzi. Ni nani waliomtupa kijana yule kisimani, hata akauzwa kwa thamani duni, dirhamu za kuhesabika? Ni wana wa Nabii Yaakub, wajukuu wa Is-haka, vitukuu vya Ibrahim. Hapana nyumba duniani iliyokuwa na nasaba bora kuliko ile. Wala Qur'ani haikuificha khabari yao kwa heshima ya baba yao; inasomwa misikitini mpaka Siku ya Kiyama. Mwisho wa kisa Yusuf aliwasamehe wala hakuwalaumu. Lakini tuangalie mpango wake: kwanza ndugu zake walikiri kwamba walikuwa wenye makosa, kisha msamaha ukaja. Sisi twataka msamaha ututangulie, na kukiri kusije kabisa.

Ama ile hadithi ya kutowatukana maiti ni sahihi, ameipokea Bukhari kutoka kwa Bibi Aisha (R.A.), nasi twaifuata. Lakini kutukana ni jambo moja na kushuhudia ni jambo jingine. Imam Nawawi katika Riyadhus Salihin amebainisha mambo sita ambayo kwayo huruhusiwa kumtaja mtu kwa alifanyalo, na miongoni mwake ni kushtaki dhulma na kuwatahadharisha Waislamu. Mwenye kusema "fulani alikuwa mshenzi, yuko motoni" amewatukana maiti na amejitwalia hukumu isiyokuwa yake. Mwenye kusema "shamba hili lililimwa na watu wasiolipwa, na wajukuu zao ndio hawa tunaosali nao" amesema la kweli, na la kweli lina haki ya kusemwa.

Wala hatusahau kwamba wako wanaoitaja taarikhi hii kwa nia mbaya. Huusimulia utumwa wa pwani kana kwamba ulizaliwa na Uislamu, wakaifunika sehemu yao. Hao nao yawapasa kusoma kwamba mwaka 1776 Mfaransa Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa wa kununua watumwa elfu moja kila mwaka. Lakini tusiifanye dhulma yao kuwa sabuni ya kuoshea yetu. Mkataba ule ulikuwa na pande mbili, na upande mmoja ulikuwa wa watu waliosali kama tusalivyo sisi. Uadilifu ni kuzisoma pande zote mbili, tena kwa sauti moja.

Na kwa kuwa tumewaambia wengine washuhudie, haijuzu sisi tujifiche nyuma ya kalamu. Twakiri basi kwamba katika nasaba yetu wamo waliomiliki watu. Iko karatasi ya nasaba nyumbani kwetu, imeandikwa kwa hati nzuri, baba baada ya baba. Mama hawakuandikwa. Tulipowauliza wazee wetu wa kike, walituambia kwa kunong'ona kwamba mmoja wa mama hao alikuwa suria, aliyeletwa na jahazi akiwa binti mdogo, na jina alilopewa na wazazi wake hakuna alijuaye. Kwa sheria yetu mwana wa suria na bwana wake ni huru, mwenye nasaba kamili. Sayyid Majid na Sayyid Barghash, waliotawala Zanzibar, wote wawili walizaliwa na masuria. Basi huyo anayemrudisha mposaji kwa ajili ya bibi yake mkuu, aichunguze kwanza karatasi yake, aone ni mama wangapi waliofutwa. Mtume (S.A.W.) alimwoza Zaid bin Haritha, mtumwa aliyeachwa huru, binti wa shangazi yake mwenyewe. Sisi ni bora kuliko nyumba ile?

Baada ya usiku ule mzee wetu hakuja darasani majuma mawili. Tukaenda kumjulia hali. Alitukaribisha kwa kahawa, akatuambia: "Nachelea wajukuu zangu watanidharau." Hatukuwa na jibu la kumtuliza kabisa, kwani khofu yake ni ya kweli. Tulimwambia hili tu: wajukuu watayasikia hata hivyo, na afadhali wayasikie kwake, pamoja na toba, kuliko kuyasikia njiani, pamoja na matusi. Hakutujibu. Lakini Jumamosi iliyofuata alikuja, akaketi nyuma, karibu na mlango wa viatu, kando ya mtu yule. Walizungumza nini hatukusikia, wala halikuwa letu kusikia.

Kwa hiyo darasa itaendelea, inshallah, nasi twashikamana na sharti tatu. Kwanza, hapana khabari itakayopokewa bila kuulizwa imetoka wapi, hata ikiwa tamu. Pili, hapana jina la nyumba ya mtu litakalotajwa kwa kuaibishwa. Twasoma dhulma ili tuiache, si ili tuirithishe kwa jina jingine. Tatu, kila mwenye kusema juu ya wazee wa wenziwe, aanze na wake.

Atakaye kuja na aje. Atakayeona uzito, nasi tuliuona.

Ewe Mola, tuonyeshe haki kuwa ni haki na uturuzuku kuifuata. Uwarehemu waliotutangulia, waliomiliki na waliomilikiwa, na uwape haki zao waliodhulumiwa. Amin.