Chupa Isiyo na Kitako

Mdomo wa chupa ukichomoza kwenye udongo mweusi pembezoni mwa mtaa wa Mowlem, Nairobi, mtafutaji wa chupa za zamani hutua gunia palepale. Kioo kizito, kijani kibichi, herufi zimevimba ubavuni. Anafukua kwa vidole, taratibu, moyo unamwenda mbio. Chupa inatoka, lakini nyepesi mno. Haina kitako.

Anasikitikia nini hasa? Chupa haikuwa yake, na muda mfupi uliopita hakujua kama ipo. Jirani tu, Dandora, liko jaa lililofunguliwa 1975 na kutangazwa kuwa limejaa mwaka 2001, ilhali malori bado yanamwaga. Kwa wanaochakura huko, chupa nzima ina mnunuzi wake. Iliyovunjika huishia kwenye mizani, kama ina bahati.

Epictetus, mwanafalsafa aliyezaliwa mtumwa, alifundisha kwamba anayependa chungu ajikumbushe kila mara kuwa ni chungu tu, ili siku kikivunjika asifadhaike. Hiyo ni dawa ya mwenye chungu nyumbani. Mtafutaji wa Mowlem amekutana na chupa yake ikiwa imekwisha kuvunjika, hakupata hata nafasi ya kujiandaa. Kilichomponyoka ni tumaini, na tumaini lilikuwa lake kweli. Wanaomcheka kwamba analilia takataka wanamwonea.

Lakini anayeita kitu kibovu ni nani? Mwaka 1872 Mwingereza Hiram Codd alipata hataza ya chupa ya soda iliyozibwa kwa gololi ya kioo shingoni. Watoto walizipasua ili wapate gololi, yaani bano wanazocheza watoto wa Nairobi, na hiyo ni sababu mojawapo ya chupa nzima za aina hiyo kuwa adimu. Hasara ya mkusanyaji wa leo ilikuwa sikukuu ya mtoto fulani.

Hata vipande vyenyewe vina heshima yake. Katika hadithi aliyoipokea Bukhari, mke mmoja wa Mtume Muhammad alivunja sahani ya mke mwenzake mbele ya wageni. Mtume aliviokota vipande kwanza, akakusanya chakula kilichomwagika. Kisha sahani nzima ikapelekwa kwa aliyevunjiwa, na ile iliyovunjika ikabaki katika nyumba ilimovunjikia. Mwenye haki alilipwa, na vipande havikufukiwa kwa aibu.

Vipande pia hutoa ushahidi. Kule Gede, karibu na Malindi, mwanaakiolojia James Kirkman alianza kuchimba magofu ya mji wa kale mwishoni mwa miaka ya 1940. Mengi ya aliyoyajua kuhusu umri wa mji ule yalitoka kwenye vigae vya vyombo, vikiwemo vya kauri ya China. Chombo kizima hurithiwa, huuzwa, huhamishwa na mwenyewe anapohama. Kigae hubaki pale kilipoangukia, chini ya sakafu au kando ya kisima, na mchimbaji huandika kina chake kabla ya kukigusa.

Mtafutaji wa Mowlem, kabla hajaitupa ile shingo, ana sababu ya kuchungulia shimo ilimotoka na kuona imelala pamoja na nini.