Mazoea ni ya Nani?

Wahenga walisema kawaida ni kama sheria. Lakini ni sheria ya nani: ya mtu aliyezoea, au ya mahali alipozoelea? Swali hili si la mchezo, kwani jibu lake ndilo linalopima lawama tunayomtwika mtumiaji wa madawa ya kulevya.

Mwaka 1982 Shepard Siegel, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha McMaster nchini Kanada, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya uchunguzi wao juu ya panya. Siku moja panya walidungwa heroini katika chumba kimoja. Siku ya pili wakadungwa maji ya sukari katika chumba kingine, na kadhalika kwa zamu, huku kipimo cha heroini kikipandishwa polepole. Mwishowe walipewa kipimo kikubwa. Panya ambao hawakuwahi kuonja heroini walikufa asilimia 96. Waliopewa katika chumba walichozoea kudungiwa dawa walikufa asilimia 32. Waliopewa katika kile chumba cha maji ya sukari walikufa asilimia 64, ingawa mazoezi yao yalikuwa sawa na ya wenzao.

Anayemkumbuka mbwa wa Pavlov, aliyedondokwa na mate kwa kusikia ishara tu kabla ya chakula, ataelewa. Mwili wa panya ulikuwa umekijua chumba. Ulipokiona ulijiandaa kuikabili dawa. Mahali pengine dawa iliukuta haujajiandaa.

Sisi walimu tulizoea kudhani kwamba kujifunza huhitaji nia. Kumbe mwili hujifunza bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Kijana anayetoka katika matibabu akarudi kijiweni pale pale, huenda tamaa ikamwamka kabla akili haijasema neno. Kumwambia “jikaze” tu ni kuusemesha upande usiosikia.

Yuko atakayesema panya si mtu. Naam, na hapo ndipo wajibu unapoanzia. Panya hakuchagua chumba. Mtu hawezi kuiamrisha damu yake, lakini mara nyingi aweza kuamua miguu yake impeleke wapi, na kwa hilo atawajibika. Nasi wazazi na majirani tutawajibika kwa milango tunayomfungulia. Tukimfungia yote ukabaki wa kijiweni, lawama haiwezi kuwa yake peke yake.