Juu ya Wanafunzi Watokao Mbulu na Hanang

Ama baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu na kumsalia Mtume wake, enyi ndugu zangu wa pwani, nataka kusema nanyi juu ya kijana atokaye Mbulu au Hanang akaja Dar es Salaam kusoma ilimu ya sayansi na kompyuta.

Kijana huyu hakulelewa kwa Kiswahili kama wana wetu. Kwao husemwa Kiiraqw au Kidatoga, lugha zisizo na udugu na yetu. Kiswahili amekipata skuli, kisha sekondari akafundishwa fizikia kwa Kiingereza. Basi hesabu aliyoifanya mwanao kwa lugha ya pili, yeye ameifanya kwa lugha ya tatu. Je, akipungukiwa na alama, ni uchache wa akili?

Serikali haikulala. Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliwekwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tangu 2022 kuna ufadhili wa Samia kwa waliofuzu zaidi masomo ya sayansi kidato cha sita. Walakini ufadhili huo humfuata aliyekwisha tangulia. Na fedha, hata zikitosha, hazimwambii mtu amuulize nani. Mmoja wao, mtu wa Katesh, alikuwa akiswali nasi. Ada yake imelipwa. Usiku mmoja nalimkuta amefunga mizigo yake arudi kwao, kwani wenziwe walizoea kompyuta tangu utotoni, naye akiona haya kuuliza hata namna ya kuiwasha. Karani mmoja katika jamaa zetu akakaa naye baada ya Isha, miezi mitatu. Hakurudi.

Wako wasemao: tuna nini na watu wa bara, na wengi wao si Waislamu? Zaka, kweli, ina watu wake. Katika madhehebu yetu hapewi ila Mwislamu. Sadaka haina mpaka huo. Na Imamu Ghazali katika Ihyaa ameuhisabu utabibu na hisabu kuwa faradhi ya kifaya, akawalaumu watu wa zama zake waliokimbilia fikihi wote, mji ukabaki hauna tabibu wa Kiislamu. Mlima Hanang ulipomeguka Desemba 2023, matope yakaua watu zaidi ya 80; ni nani atakayeusoma mlima ule, kama si mwana aliyezaliwa chini yake?

Someni Sura ya Abasa, mtazame kipofu yule, Ibn Ummi Maktum, alikuja kutaka nini, na wakubwa gani walikuwa wakishughulikiwa saa ile.

Vyuo hufunguliwa baina ya Oktoba na Novemba. Mwenye chumba kitupu, au mwana aliyehitimu uhandisi na jioni zake zi tupu, na aniletee jina msikitini baada ya Alasiri.