Uhuru wa Dini: Ni Haki au Ni Hisani?

Ndugu zetu Waislamu, liko suali ambalo yampasa kila mwenye akili alipime: mtu anapodai uhuru wa kufuata dini yake, je, adai haki iliyo ya watu wote, au aomba hisani kwa nafsi yake na wenziwe tu? Khabari za Virginia, huko Marekani ilipokuwa chini ya Waingereza, zina mazingatio makubwa katika jambo hili.

Katika nchi ile Kanisa la Uingereza ndilo lililokuwa dini ya serikali. Watu wa madhehebu zote walitozwa kodi ya kuwalisha makasisi wake. Huko bara wakatokea wahubiri wa Kibaptisti, wengi wao wakulima wasiokuwa na elimu kubwa, wakihubiri bila ya idhini ya serikali. Mwezi wa Juni 1768 John Waller, Lewis Craig na James Childs walishikwa katika wilaya ya Spotsylvania kwa shtaka la kuvunja amani. Wakaambiwa waahidi kutohubiri mwaka mmoja na siku moja, waachwe. Wakakataa, wakafungwa Fredericksburg, na humo gerezani wakawahubiria watu kupitia madirishani.

Itikadi yao si yetu, lakini aliyedhulumiwa husemwa kuwa amedhulumiwa, awe wa dini gani.

Mtihani mgumu zaidi uliwajia walipopata nguvu. Mwaka 1784, Marekani imekwisha kujitawala, Patrick Henry alitaka itozwe kodi ya kuwasaidia walimu wa Kikristo, kila mtu akichagua madhehebu yake. Wabaptisti wangalipata fungu lao. Lakini waliipinga kodi hiyo, na James Madison akaandika hoja za kuipinga mwaka 1785. Mwaka 1786 ikapitishwa sheria iliyotungwa na Thomas Jefferson, kwamba mtu asilazimishwe ibada wala kuilipia. Baadaye Jefferson aliandika kuwa himaya ya sheria ile yamkusanya Myahudi, Mkristo, Mwislamu na Mhindu.

Walakin, Mwislamu alikuwa amekwisha kufika zamani, naye hakuonewa huruma. Ayuba Suleiman Diallo, mwana wa mwanachuoni wa Bundu katika Senegal, aliuzwa utumwani Maryland, jirani ya Virginia. Alikuwa akenda mwituni kuswali, na kijana wa kizungu akimcheza shere na kumtupia taka usoni. Akatoroka, akafungwa gerezani mwaka 1731. Na Jefferson na Madison wote wawili walimiliki watumwa mpaka kufa kwao. Huyo ambaye hata saa zake ni mali ya mwengine, sheria ya uhuru wa ibada yamfaa nini?

Qur'ani imetukataza kulazimisha watu katika dini, na imetuamrisha uadilifu hata kwa wale tunaowachukia. Basi sisi tunaotaka tupewe nafasi ya kueleza makosa ya watu na bidaa zao, yatupasa tujiulize: tukipata nguvu kesho, tutamwachia anayetupinga nafasi ile ile? Ikiwa hatutamwachia, basi hatukuwa tukidai haki. Tulikuwa tukingoja zamu yetu ya kudhulumu. Hoja na ijibiwe kwa hoja, na mwenye haki hana la kuogopa.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwatakia wengine uadilifu tunaojitakia wenyewe. Amin.