Biashara Isiyofundisha Haina Umri

Wanangu mliomaliza vyuo, na nyinyi walimu vijana mliopangiwa skuli za mwambao, mmekuwa mkija barazani kwangu kwa makundi, kila mmoja na andiko lake la mradi mkononi, na swali lenu ni moja: tuanze biashara gani itakayodumu? Mimi nilifundisha sayansi katika skuli za Kusini Unguja mpaka nikastaafu, na tangu hapo nakaa na kinamama wa mwani nikiwasaidia hesabu za sabuni zao. Jibu langu basi nitalichota huko huko ufukweni, maana kwa zaidi ya miaka thelathini elimu, ubunifu na biashara vimekutana pale mbele ya macho yetu, na tumeona kilichosimama na kilichoanguka.

Kilimo cha mwani kwetu kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino. Leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka Pemba. Kazi yenyewe mnaijua kwa macho: maji yakikupwa mkulima huchomeka vigingi mchangani, hutandaza kamba, hufunga vipande vya mbegu kwa nyuzi za tai-tai, na baada ya wiki sita hivi huvuna. Kinamama ndio walioishika kazi hii tangu mwanzo. Wengi wao kwa mara ya kwanza walipata pesa ambayo hawakumwomba mtu, wakaezeka nyumba na kulipia watoto masomo. Baadhi yenu mnaonisoma mmesomeshwa na kamba hizo.

Lakini mwani uliuzwa mkavu kama ulivyo. Kilo saba na zaidi za mwani mbichi hutoa kilo moja kavu, kilo hiyo hupanda meli, na ng'ambo hukamuliwa karagenani, kitu kinachoifanya dawa ya meno ishikane na aiskrimu iwe nzito. Bei ilipangwa na mnunuzi. Kisha, kuanzia miaka ya mwanzo ya 2000, kotoni, aina ya mwani yenye bei nzuri kuliko ile nyingine, spinosamu, ikaanza kufa. Maji ya ukingoni yakipita nyuzi 30 kotoni hudhoofika, shina linakuwa jeupe na kukatika, na mkulima anakuta kamba tupu. Hapo ndipo akili za watu zilipoanza kufanya kazi, na hapo ndipo nasaha zangu zinapoanzia.

La kwanza, ijueni kazi kabla hamjaibuni upya. Wataalamu wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo hapa Zanzibar, wakiongozwa katika jambo hili na Dkt. Flower Msuya, walijaribu kuipeleka kotoni kwenye maji ya kina, ambako joto ni dogo. Walitumia nyavu ndefu zilizoshonwa mfano wa bomba, mbegu ikakaa ndani ili mawimbi yasiikate. Wazo ni zuri na mmea huko unaota. Ila tazameni nani anatakiwa kulifanya. Mama aliyezoea kwenda shambani kwa miguu maji yakiwa magotini sasa anatakiwa apande chombo, na wengi wao hawana chombo wala hawajui kuogelea. Wavu peke yake haukutosha. Ilibidi pawe na mashua, na pawe na mtu wa kuwafundisha kinamama kuelea na kupiga mbizi. Nusu ya ubunifu ule ilikuwa darasa.

Kwa hiyo kabla hujaandika neno "suluhisho" kwenye andiko lako, nenda pwani wakati wa bamvua, ingia majini, funga mbegu mpaka mgongo ukuume. Kisha uliza: jambo hili jipya litafanywa na nani, kwa nguvu zipi, kwa pesa ya nani, na nani atamfundisha? Andiko lisilojibu maswali hayo manne halijawa mradi.

La pili, msidharau mlichosoma skuli. Mwaka 2006 ulianzishwa mpango wa kuwaunganisha wakulima wa mwani, watafiti na serikali, na moja ya matunda yake ni kinamama kujifunza kuusaga mwani wao na kutengeneza sabuni. Wapita njia wanaona mche wa sabuni wenye harufu ya karafuu, wanadhani ni kazi ya jikoni tu. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Nieleze inavyokwenda. Mafuta hupimwa kwa mizani, kikombe hakifai. Kilo moja ya mafuta ya nazi huhitaji takriban gramu 183 za kostiki soda ili yote yageuke sabuni. Kilo moja ya mawese huhitaji gramu 142 hivi. Mtu akikosa nazi sokoni akatia mawese kwa kipimo kile kile cha kostiki, zinabaki gramu 40 hivi zisizo na cha kula, na zitakula ngozi ya mteja. Ndiyo maana wenye uangalifu hupunguza kostiki kidogo, kama asilimia 5, mafuta machache yabaki ya kulainisha. Kostiki hutiwa ndani ya maji. Kamwe usimimine maji juu ya kostiki, yatachemka ghafla na kukurukia usoni. Sufuria ya alumini haifai, kwa sababu kostiki huila alumini na kutoa gesi inayoshika moto. Vaa glavu na miwani, fungua madirisha, watoto wakae mbali. Unga wa mwani na mdalasini au mchaichai huingia mchanganyiko ukishaanza kuwa mzito. Kesho yake miche hukatwa, ikapangwa penye hewa wiki nne mpaka sita ndipo iuzwe.

Hebu hesabuni masomo yaliyomo humo: kemia ya sekondari, asilimia, vipimo, afya. Nimewaona kinamama walioishia darasa la saba wakizikokotoa gramu hizo bila kukosea, kwa sababu waliona faida na hatari yake kwa macho yao. Nimewaona pia vijana wenye vyeti vikubwa wakipakua kipimo kwenye simu na kukifuata bila kuuliza kimekusudiwa mafuta gani. Intaneti ni maktaba kubwa, itumieni, lakini yaliyomo myapime kwa mlichosoma kabla ya kuyatia kwenye ngozi ya mtu.

La tatu ni daftari. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na sijaona biashara iliyowakanusha. Kila mkupuo wa sabuni upewe namba. Andikeni tarehe, aina ya mafuta, uzito wa kostiki, na nani alikoroga. Hoteli inayonunua sabuni yako inataka ya mwezi ujao ifanane na ya mwezi huu, na ikija na malalamiko uweze kufungua ukurasa na kuona ulipoteleza. Kwenye gharama tieni kila kitu: vifungashio, nauli, kuni, ada ya ukaguzi wa viwango, na saa zenu za kazi. Wengi huacha kuhesabu jasho lao, wakaona wana faida kumbe wanajifanyia kazi ya bure. Na misaada ikija, iandikeni ukurasa wake peke yake, mjue biashara ingesimama wapi bila hiyo. Mradi unaoishi kwa semina hufa siku posho inapokatika.

La nne, bahari ndiyo mtaji, na mtaji haukatwi kila siku. Vigingi vya mwani vikikatwa ovyo mikokoni, samaki wanapoteza malezi na ufukwe unapoteza ngome. Majani ya bahari yakifyekwa ili shamba liwe safi, mchanga hulegea na viumbe huhama. Tai-tai za plastiki zilizokatika zikiachwa majini, zinarudi ufukweni au zinamezwa na kasa. Biashara endelevu huanzia hapo, kwenye kuokota kamba zako kuukuu na kupanda mti pale ulipokata. Hakuna haja ya kungoja kongamano la uchumi wa buluu ili kufanya hivyo.

La tano ndilo zito kuliko yote, nalo nawaelekezea zaidi walimu. Mwezi Machi 1967 Mwalimu Nyerere alitoa waraka wake wa Elimu ya Kujitegemea. Alitaka shule iwe pia mahali pa kuzalisha, na wanafunzi washiriki kupanga kazi na kuona matokeo yake. Huko Bara, katika shule nyingi, lililobaki ni jembe bila somo: watoto walilima, lakini hawakuulizwa kwa nini mahindi yamekuwa manjano, wala hawakuambiwa mapato yamekwenda wapi. Mahali pengine kulima kukawa adhabu. Sasa Bara wameweka mkondo wa amali katika sekondari, kufuatia sera ya elimu iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2023, na sisi visiwani tuna vituo vyetu vya mafunzo ya amali. Majengo na mitaala vipo. Msiruhusu kosa lile lirudi kwa jina jipya.

Mwalimu wa mwambao ana maabara isiyolipiwa kodi. Wapeni wanafunzi kamba moja shambani kwa mzazi aliyeridhia. Wapime uzito wa mbegu siku ya kufunga, wapime mavuno, wapime tena baada ya kukausha, na hiyo ndiyo hesabu ya uwiano. Wapime joto la maji kila bamvua, wachore grafu, waitundike ukutani, na darasa linalofuata liiendeleze. Miaka michache ikipita, skuli yenu itakuwa na kumbukumbu ya bahari yake yenyewe, na mtafiti atakuja kuiomba. Kisha mwiteni bibi aliyefunga mwani tangu mwaka 1989, apewe kiti cha mbele na nauli yake, awafundishe watoto na nyinyi mkiandika. Anajua pepo na mikondo ya maji kwa namna ambayo kitabu chenu hakina.

Nanyi wafanyabiashara, fundisheni. Najua mnaogopa kuibiwa maarifa. Lakini anayeificha elimu ya kazi akaugua wiki moja, karakana inafungwa. Anayemfundisha mwenzake hulazimika kuieleza kazi kwa mpangilio, na katika kueleza hugundua mahali alipokuwa akibahatisha. Wakulima wa kijiji kizima wakijua kukausha mwani juu ya chanja badala ya mchangani, mwani wa kijiji kizima unakuwa safi, na mnunuzi anakosa sababu ya kushusha bei. Aliyejua peke yake asingeweza kuipandisha bei hiyo.

Basi wanangu, andiko si kitu kibaya, na milango yangu haijafungwa. Ila kuanzia sasa, atakayekuja barazani aje na vitu viwili: daftari la miezi mitatu ya kazi aliyoifanya kwa mikono yake, hata kama ni ndogo, na mtu mmoja aliyemfundisha kazi hiyo akaiweza bila yeye kusimama pembeni. Mwenye viwili hivyo tayari ana biashara na tayari ni mwalimu. Tutakaa tutafute mtaji pamoja. Asiye navyo arudi pwani akaanze.