MTO NAILI NA MPAKA WA AKILI

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mwenye kujua yaliyo dhahiri na yaliyofichika. Na rehema na amani zimshukie Bwana wa Mitume, Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya haya: Katika nchi ya Karagwe, ambayo mji wake mkuu leo ni Kayanga, upande wa magharibi hupita mto Kagera. Kijana wa Kayanga akenda skuli hufundishwa kuwa mto huo ni mkubwa kuliko yote iingiayo katika ziwa la Nyanza, na kuwa maji yake ni katika maji ya Naili. Akenda chuoni husomeshwa hadithi aliyoipokea Imam Muslim, ya kuwa Naili ni katika mito ya Peponi, na katika habari ya Miraji, kwa Imam Bukhari, kuwa Mtume (S.A.W.) alionyeshwa penye Sidratul-Muntaha mito minne, na miwili iliyo dhahiri ni Naili na Furati. Hapo moyo wake huuliza: Ikiwa chemchemi imeonekana milimani, Pepo nayo i wapi?

Swali hili hujibiwa na watu wawili, na wote wawili hukosa. Wa kwanza humkemea kijana, akamwambia kuwa jografia ni uwongo na kuuliza ni ukafiri. Wa pili hucheka, akasema kuwa hadithi ni ngano za kale. Hawa huonekana kuwa maadui, na kosa lao ni moja: kila mmoja ameshika mizani moja tu, akataka kupimia kila kitu.

Ama jicho na mguu, kazi yao ni kufika na kutazama, na kazi hiyo haikukatazwa. Wafanya biashara Waislamu walikuwa Kafuro, katika Karagwe, kabla ya Mzungu yeyote kuiona nchi hiyo. Na Snay bin Amir, Mwarabu wa Tabora, ndiye aliyewapa Burton na Speke habari za njia ya kaskazini. Speke alifika kwa mfalme Rumanyika mwezi wa Novemba 1861, akakaribishwa kwa wema. Na tarehe 28 Julai 1862 akasimama Jinja, maji yatokapo ziwani, akasema hapo ndipo mwanzo wa Naili. Wenziwe wakabishana naye. Baadaye watu wakasema mwanzo uwe ni mito iingiayo ziwani, wakaifuata Kagera hata milimani. Burundi ikajengwa piramidi ndogo mwaka 1938 huko Rutovu. Na Rwanda nayo huonyesha chemchemi katika msitu wa Nyungwe. Na maporomoko yale aliyosimama Speke yamefunikwa na maji tangu lilipokwisha boma la umeme mwaka 1954.

Basi na azingatie mwenye akili: hata katika jambo la kufikiwa kwa miguu, mwanadamu alijua kidogo, akarekebisha, akajua zaidi. Imam Ghazali, aliyekufa mwaka 505 wa Hijra (1111), alieleza kuwa jicho huiona nyota kama dinari, kisha hesabu ikathubutisha kuwa ni kubwa kuliko ardhi. Akili imelikosoa jicho; je, ni ajabu gani kuwa juu ya akili pawe na jambo ambalo akili peke yake hailifikii? Naye huyo huyo ameonya katika Tahafut kuwa mwenye kuwapinga watu wa falaki katika hesabu ya kupatwa kwa jua, akidhani anainusuru dini, huwa ameidhuru. Akili ina mpaka, na ndani ya mpaka wake ina haki yake.

Sasa watazamwe maulamaa walivyoisoma hadithi. Imam Nawawi, nguzo ya madhehebu ya Shafi, aliyekufa mwaka 676 wa Hijra (1277), amezitaja njia mbili. Ya kwanza: kuwa maana yake ni imani kuenea katika nchi za mito hiyo. Ya pili, nayo ndiyo aliyoiona kuwa sahihi zaidi, ni kuichukua kwa dhahiri yake: kuwa mito hiyo ina asili kutoka Peponi, na Pepo imekwisha kuumbwa. Hakumtukana mwenye njia ya kwanza. Na hiyo ya pili haigombani na mpimaji wa ardhi. Kwani mpimaji hueleza maji yapitapo, na hadithi hueleza jambo la ghaibu, ambalo kamba ya kupimia haikufika kulithibitisha wala kulikanusha.

Lakini mpaka huu humfunga aaminiye kama umfungavyo akanushaye. Mtume hakueleza namna ya asili hiyo. Basi asitokee mtu akaieleza kwa kubuni. Wala asichote mtu maji ya Kagera akayauza kuwa ni dawa kwa ajili ya hadithi hii. Maji hayo yasipochemshwa huleta maradhi kama maji mengine ya mto. Kumzidishia Mtume neno si kumpenda.

Ni juu ya mwalimu, basi, asimnyamazishe mwenye kuuliza. Kijana anyamazishwaye haiachi shaka yake. Hukiacha chuo, na shaka akaenda nayo. Na ajibiwe kwa ukweli: hili limeonwa kwa macho, hili limejulikana kwa hesabu, hili limeaminiwa kwa habari ya Mkweli, na namna yake haijulikani. Malaika wenyewe, katika Suratul-Bakara, walikiri mbele ya Mola wao kuwa hawana elimu ila aliyowafundisha. Wala kukiri huko hakukuwapunguzia daraja.

Wallahu aalam.